Koti la Kuagia

Daktari alisema kisanduku cha sauti kitolewe Jumatatu, na Kimulimuli akasema hapana, mpaka kwanza awaage watu.

Alisema kwa mnong'ono, kwa sababu sauti yenyewe ilikuwa imebaki kama ndala inayoburutwa kwenye changarawe. Daktari, mama mmoja mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi, akainama kumsikia na bado hakusikia. Mke wa mgonjwa ndiye aliyemalizia.

"Anataka kuaga redioni, daktari. Wasikilizaji wake."

"Hicho kilichomo kooni hakisikilizi redio," daktari akasema. Akagusa shingo yake mwenyewe kwa kalamu. "Leo kiko hapa. Nikikiwahi, natoa kisanduku tu. Atapumulia tundu la shingoni, hatasema tena, lakini atakula chakula chake kama watu. Kikipanda hapa juu, kwenye mzizi wa ulimi, tusije tukaulizana."

"Wiki moja," Kimulimuli akanong'ona.

Wakati huohuo, kwenye redio ya ukumbini ambako wagonjwa walikuwa wakisubiri, sauti nzito, laini, yenye kicheko kilichojificha ndani yake, ilipasua asubuhi: "Amka wewe! Shuka siyo ngozi, itoe! Ni saa tatu kasorobo, na mimi ni yuleyule, Kimulimuli, nisiyezimwa na upepo!" Likafuata gitaa la roki la kung'oa misumari ya paa.

Muuguzi aliyekuwa akipanga mafaili akacheka. Kisha akamtazama mgonjwa, akautazama mlango, akamrudia mgonjwa.

"Sasa kama wewe uko hapa, yule ni nani?"

Swali hilo lilikuwa limemchosha mke zaidi ya ugonjwa wenyewe.

Yule alikuwa yeye. Miaka miwili nyuma, meneja wa redio alimwomba mtangazaji wake arekodi maneno ya akiba, yatakayotumika siku atakapopata mafua. Mtangazaji mwingine angerekodi salamu kumi akaenda zake. Kimulimuli hakuwahi kuwa mtu wa kumi. Alirekodi kila dakika ya kipindi chake cha asubuhi, moja baada ya nyingine. Akarekodi siku zote za juma, mvua na jua, majina ya watu ya kuwatakia heri ya kuzaliwa, na vicheko vya kila aina. Jioni alirudi nyumbani kumwonyesha mkewe. "Sikiliza hiki. Hiki nimekiita mkwe kakanyaga kaa la moto." Mkewe, fundi cherehani, alicheka mpaka sindano ikamdunga kidole. Hakuna aliyejua kwamba mtu alikuwa akichimba kisima na atakayetumbukia ni yeye.

Sauti ilipoanza kukwaruza, kompyuta ikashika kipindi "kwa siku mbili tatu". Miezi mitano ilikuwa imepita. Hewani hakuna aliyeambiwa kitu. Mshahara ulikuwa nusu, halafu ukawa ahadi.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha cherehani, zilikuwapo mbili, na ukutani yalining'inia makoti. Lilikuwapo lenye vioo vidogo vidogo, lenye manyoya mabegani, lenye milia ya pundamilia, na jekundu ambalo mikono yake ilikuwa na pindo refu kiasi kwamba siku moja liliingia kwenye mitambo na kuzima matangazo. Miaka yote mkewe alikuwa akimshonea koti mtu wa redio. Watu waliwacheka. "Redioni nani atakuona?" Naye Kimulimuli alikuwa na jibu moja tu: "Sauti inajua imevaa nini."

Siku ile walipotoka hospitali, Kimulimuli alikaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha kidole kwenye rafu. Palikuwa na kitambaa cha rangi ya dhahabu, kizito, kinachotiririka.

"Hicho cha mteja," mkewe akasema. "Mwalimu mkuu. Gauni lake la kustaafu."

Akaendelea kunyoosha kidole.

"Baba, nimesema cha mteja. Hutaki kusikia?"

"Koti la kuagia," akanong'ona. "La mwisho, fundi wangu."

Ndipo binti yao akaingia, akitokea kazini kwenye duka la dawa, bado amevaa koti lake jeupe. Alisikia neno la mwisho tu, likamtosha.

"Koti gani tena? Jumatatu si anaingia hospitali?"

"Ameomba wiki moja," mama akasema.

"Na wewe ukampa? Mama! Dawa ninazouza mimi kila siku za watu wa namna hii nazijua. Wiki siyo yake, wiki ni ya ule ugonjwa. Mfunge kamba umpeleke!"

"Baba yako siyo gunia."

"Basi akifa mvalishe hilo koti!"

Kimulimuli akamtazama binti yake, akatoa ulimi nje, akakodoa macho kama maiti, na mikono akaipanga kifuani. Binti hakutaka kucheka. Akacheka, kisha akalia, kisha akaingia chumba cha ndani na kubamiza mlango.

Mama alibaki amesimama mbele ya rafu. Alijua kabisa kwamba binti alikuwa na haki. Alijua pia kwamba mumewe alikuwa mbishi wa kuzaliwa, na kwamba njia fupi ya kumfikisha hospitali ilipitia studio. Angepata dakika moja hewani, mambo yangekwisha. Basi na apewe upesi. Akakishusha kitambaa cha mwalimu mkuu, akakitandaza mezani, akakipitisha mkasi. Alipoanza kukata hakuangalia juu.

Kesho yake alikwenda redioni mwenyewe. Njiani alikutana na baba mwenye nyumba, amebeba ndoo ya rangi.

"Mama, kodi yangu vipi?"

"Bado mgonjwa, mzee wangu. Tuvumilie kidogo."

"Mgonjwa." Baba mwenye nyumba akaiweka ndoo chini ili awe na mikono miwili ya kusemea. "Leo asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu, mgonjwa akacheka hewani, nusura nijikate. Mtu anacheka kama ameokota pochi! Mimi ningeumwa hivyo ningeomba nisipone."

"Ile ni mashine, mzee."

"Mashine inajua jina la mke wangu? Alimtakia heri ya kuzaliwa!"

Mke akaizunguka ndoo. Akapita.

Kwenye geti la redio alikuwapo mlinzi mgeni, kijiredio kimening'inia kwenye kitasa.

"Nimekuja kumwona meneja. Mimi ni mke wa Kimulimuli."

Mlinzi akategea kijiredio sikio, akatabasamu. "Basi kaa pale kwenye benchi, mama. Mumeo yuko hewani. Akitoka utamwona hapahapa."

"Mume wangu yuko nyumbani amelala."

Tabasamu likamtoka mlinzi. Ikaja huruma, ile huruma ya mwanamume anayewajua wanaume wenzake. "Alikwambia yuko nyumbani amelala?"

"Nimemwacha mimi mwenyewe kitandani!"

"Mama yangu," mlinzi akashusha sauti, "mimi mambo yenu simo. Kaa kwenye benchi."

Akakaa. Juu ya kichwa chake palikuwa na spika, na kwa muda wa wimbo baada ya wimbo mumewe alimcheka, akamwambia saa, akamsifia sabuni. Mara moja aliinua uso akaiangalia ile spika, kama mtu anayetaka kumwambia mwenzake apunguze kelele.

Meneja alimpokea kwa mikono miwili.

"Shemeji! Shemeji yangu! Mbona umekonda? Kaa, kaa. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Wanataka kumtoa kisanduku cha sauti. Hatasema tena."

Meneja akatikisa kichwa muda mrefu. Alikuwa amesikitika kweli, na mkono wake ulikuwa tayari umeshika simu iliyokuwa ikitetema mezani. Akaigeuza kifudifudi. "Pole sana, shemeji. Sasa mimi nisaidie nini?"

"Anaomba dakika moja hewani. Aage."

"Aage?"

"Kwa sauti yake hii iliyobaki. Aseme asanteni, basi. Hataki kingine. Bila hiyo hataki kwenda kukatwa, nami siku zinanipita."

Meneja akaegemea kiti. "Shemeji, tuseme ukweli kama watu wazima. Asubuhi yangu inalipiwa na watu wa sabuni. Wamenunua furaha. Nikimpeleka mtu hewani akwaruze kwamba anakwenda kukatwa koo, watu wanakula mkate, nani atanunua sabuni?"

"Hatataja koo. Ataaga tu."

"Anaaga anakwenda wapi?" Meneja akaelekeza kidole kwenye spika iliyokuwa ukutani, ambamo Kimulimuli alikuwa akiwahimiza madereva wasisinzie. "Mbona yupo?"

Mke akaiangalia spika. Alitafuta jibu. Angekuwa msomi pengine angelipata. Alichopata ni kuvua ushungi wake, kuukunja, kuukunjua, na kusema, "Shemeji, nakuomba. Nakupigia magoti."

Akaanza kweli kushuka kwenye kiti. Meneja akaruka kumzuia, ameona aibu. "Basi, basi! Ijumaa. Mlete Ijumaa."

Ijumaa koti lilikuwa tayari. Lilimfika magotini, ukosi umesimama kama mbawa, na kila alipopumua liliwaka. Amekonda, ndani yake alionekana kama mshumaa ndani ya chungu, lakini alisimama mbele ya kioo akanyoosha shingo, akajipiga saluti. Kisha walikaa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi hadi mchana. Watu wa sabuni walikuwa wamekuja kutembelea studio, meneja hakutaka waone kitu. Walipopita, wamevaa suti za kijivu, mmoja wao alimtazama mtu wa dhahabu akauliza kwa sauti, "Huyu wa sarakasi naye anatangaza?" Meneja akacheka. Kimulimuli akainuka kwenye benchi akainama mpaka kiunoni, kama mwanasarakasi kweli.

Ijumaa ya pili meneja alikuwa amesafiri na hakuacha neno.

Daktari alipiga simu. Akapiga tena. Mara ya tatu hakumtaka mgonjwa, alimtaka mke. "Mama, mimi sikulazimishi. Lakini nimeshika nafasi yenu nimewanyima wengine. Anamezaje?"

"Uji unapita," mke akasema.

"Na maji?"

Maji yalikuwa yameanza kumrudia puani. "Yanapita," akadanganya, akijua anayemdanganya siyo daktari.

Mchana ule alimkalia mumewe mbele, magoti kwa magoti. "Nisikilize. Redio ni mama yako? Una deni gani na watu ambao hata kukujulia hali hawaji? Wako majumbani kwao wanakusikiliza, wamefurahi, hawajui hata kwamba hupo! Unamuaga nani asiyejua umeondoka?"

Alijibu polepole, kwa sababu kila neno lilikuwa na bei yake. "Nimeingia nyumbani kwa watu kila asubuhi. Sikupiga hodi." Akapumzika. "Kutoka bila kuaga ni tabia ya mwizi."

"Na mimi? Mimi nitaagwa na nani?"

Akamshika mkono wenye kidole kilichotobolewa na sindano, akauweka shavuni. Mkewe alitamani kumkasirikia, hasira ikamkatalia.

Ijumaa ya tatu meneja alikubali. Dakika moja, na ugonjwa usitajwe.

Aliyefungua mlango wa studio alikuwa fundi mitambo, mzee mnene aliyefanya kazi na Kimulimuli tangu enzi za sahani za santuri. Alipoliona lile koti aliweka mkono mdomoni. "Umekuja kuniunguza macho, mshenzi wewe." Wakakumbatiana. Mke aliambiwa asimame nyuma ya kioo, karibu na simu za wasikilizaji, pamoja na binti wa mapokezi.

Wimbo uliisha. Taa nyekundu ikawaka. Kimulimuli akaisogelea mikrofoni kama alivyoisogelea kila siku, kwa bega la kushoto kwanza, akafungua mikono mbawa zikainuka.

"Mabibi na mabwana," akasema.

Ilitoka kama mlango wenye kutu. Alijikaza. Mishipa ya shingo ikasimama.

"Ni mimi. Kimulimuli. Nimekuja kuwaambia... asanteni. Mama wa mayai pale njia panda. Madereva wa malori. Wafungwa, najua mnanisikia. Mliniruhusu..."

Simu ya kwanza ikalia, binti wa mapokezi akaipokea, na kwa kuwa spika yake ilikuwa wazi, mke alisikia.

"Nani huyo anamwigiza Kimulimuli? Hajui hata kuigiza!"

Ya pili: "Mtoeni huyo chura. Tunataka mtu wetu."

Ya tatu alikuwa mwanamke, sauti ya mtu mzima, imekasirika kabisa. "Mimi ndiye muuza mayai. Kimulimuli namjua kama ninavyomjua mwanangu, na huyu siye. Ana haki gani ya kunitaja? Mwambieni aache mzaha na jina la watu!"

"Mama, ni yeye!" mke akapiga kelele juu ya simu ile. "Ni yeye, anaumwa! Ni yeye!"

"Na wewe nani?" yule mwanamke akauliza, akakata.

Simu zote zilikuwa zikilia. Upande wa pili wa kioo Kimulimuli hakusikia kitu, alikuwa amefumba macho, ameweka mkono kooni kuisukuma sauti, akifika kwenye neno ambalo kila asubuhi alifungia kipindi: mimi natoka, mwanga nawaachia. Alisema, "Mimi..." Meneja alikuwa ameshaingia. Hakumgusa wala hakumtukana. Alimpita fundi mitambo, akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe.

"Ha-haaa! Mmenaswa!" Ilikuwa sauti nzito, laini, imeshiba. "Mlidhani nani? Kimulimuli hazimwi na upepo! Hebu cheka na wewe, jua limetoka!" Kikafuata kicheko, kile cha mkwe aliyekanyaga kaa la moto, na nyuma yake gitaa.

Alikuwa amekirekodi mwenyewe, kwa ajili ya siku za utani.

Simu zikaanza kunyamaza, moja moja. Ya mwisho ilikuwa ya mwanamume aliyekuwa akicheka hadi kukohoa. "Ametuweza! Mwambieni ametuweza leo!"

Fundi mitambo alivua hedifoni akaziweka chini, akatoka nje bila kumwangalia mtu. Meneja akamgeukia mke kwenye kioo, akainua mabega. "Shemeji, umesikia mwenyewe. Nimeokoa jina lake."

Kimulimuli alikaa kidogo mbele ya mikrofoni iliyozimwa. Kisha akainuka, akakung'uta koti lake, akatoka. Kwenye korido alimwegemea mkewe, naye akamwinamia kumsikia.

"Wana haki," akanong'ona. "Yule anatangaza vizuri kuliko mimi."

Halafu akasema, "Twende kwa daktari," na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo mkewe aliyasikia vizuri. Mengine aliyosema siku zile mbili kabla ya kukatwa yalikuwa pumzi tu.

Daktari alitoka chumba cha upasuaji jioni, miwani yake mkononi. Aliongea na ukuta kwanza, kisha na binti, kisha ndipo akamwangalia mama. Mama hakumuuliza kitu. Walikuwa wameambiwa wasije wakaulizana.

Sasa Kimulimuli analishwa kwa mpira uliopita tumboni. Mkewe anasaga chakula, anakichuja, anakimimina, yeye anatazama dari. Asubuhi jirani anafungua redio, ukuta ni mwembamba, na mtu anapiga kelele upande wa pili kwamba shuka siyo ngozi. Mara ya kwanza mke alitaka kwenda kumwomba jirani aizime. Mumewe akamshika nguo. Akatikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa ikifuatisha, neno kwa neno.

Gharama yake ilikuwa hii. Kisanduku cha sauti, ambacho kingetoka tu. Mzizi wa ulimi, ambao Jumatatu ya kwanza ungebaki. Ladha ya chakula. Kitambaa cha mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu mwenyewe, na wateja aliowasimulia. Cherehani moja kati ya mbili. Ijumaa tatu.

Alichopata hewani hakikutimia dakika, na kuaga hakuaga.